Yule Bibi wa Chumba cha Nyuma

Mwanangu Idrisa,

Salamu nilikupa mchana mezani, ukazipokea umejaza wali mdomoni, kwa hiyo sizirudii. Umekwenda mjini kuwaaga rafiki zako, na kabla hujarudi nataka karatasi hii iwe ndani ya begi lako, chini ya viatu. Naandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele, na nikipiga kelele utanibusu kwenye paji la uso, utasema "Mama, basi, presha," kisha utaondoka bila kusikia lolote. Karatasi haibusiwi.

Sitakwambia uvae sweta basi likiingia msitu wa Nyungwe, wala usile vya barabarani. Una mke, na Salma amekutangulia Kigali na tumbo lake. Hayo atakwambia yeye. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni yule bibi.

Leo mezani ulitusimulia nyumba unayotaka kununua. Sebule, vyumba, geti la chuma, dirisha la jikoni linalotazama bonde. Ukatuambia benki imekubali kukukopesha, nyumba yenyewe ndiyo itakuwa rehani, na Jumatano mthamini wao anakuja kuipima. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kujipakulia. Halafu, huku unachambua miiba ya samaki, ukasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwako:

"Iko tu kabibi kamoja kanalalaka mu chumba ya nyuma. Muuzaji anasema bavijana yake batakatosha Jumanne, mbele ya muntu wa banki kufika."

Watamtoa, kabla mthamini hajafika. Ukatoa mwiba, ukauweka pembeni ya sahani, ukaomba pilipili.

Shangazi yako Mwamini aliacha kutafuna. Hukumwona. Mimi nilimwona, na upawa ulikuwa mkononi mwangu, na nakuambia kweli tupu, nilitaka kukupiga nao mdomoni. Nilichofanya ni kukupa pilipili.

Unajua kovu la mkono wangu wa kushoto, hili lililokunjamana kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo. Unajua mguu wa shangazi yako usiokunjika vizuri. Ulikuwa shule ya bweni. Ulirudi likizo ukakuta bandeji huku na plasta kule, ukaambiwa "tulipigana", ukacheka, ukaenda kucheza mpira. Tulikuacha ucheke. Mtaa mzima wa Kamembe umekuwa ukicheka tangu siku ile, na sisi wenyewe tumecheka nao. Lakini hakuna aliyekueleza tulipigania nini, na sasa naona unaelekea palepale nilipokuwa nimesimama mimi.

Enzi hizo nilikuwa navuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza, nanunua vitenge Bukavu, nauza sokoni hapa. Nilikuwa na deni la mkopeshaji wa mtaani, mtu mwenye tabasamu refu na riba ndefu zaidi. Nikapata akili: niende benki, niweke nyumba hii rehani, nipate mkopo wa riba ndogo, nimlipe yule fisi deni lote kwa mara moja, na kitakachobaki nijenge vyumba vya duka upande wa barabarani. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, hata leo nalitetea. Nilijiandaa vizuri kuliko bibi harusi. Kila wiki nilipeleka akiba benki, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Niliacha kukopa dukani, hata chumvi. Kijana wa mikopo alipofungua faili langu alinisifu, nami nikarudi nyumbani natembea kwa maringo.

Tatizo lilikuwa kwenye hati ya nyumba. Kiwanja hiki ni cha babu yako. Aliwaachia watoto wake wawili, baba yako na shangazi yako. Mwamini aliolewa Bukavu na mwanamume aliyempiga mpaka akapoteza meno ya upande mmoja, ndiyo maana hutafuna upande wa kulia. Akarudi kwao. Nyuma ya jiko akajijengea chumba kwa matofali ya udongo aliyoyafyatua mwenyewe, akaweka mafiga mlangoni, akaanza kukaanga sambusa za kuuza. Sasa, watu wa ardhi walipopita kuandikisha viwanja, yeye alikuwa Bukavu kwenye matanga na baba yako alikuwa safarini. Nilikuwepo mimi. Wakaniuliza wenye kiwanja ni akina nani. Nikamtaja baba yako, nikajitaja mimi. Sikusema uongo, Idrisa. Nilinyamaza tu hapo palipobaki.

Kijana wa benki akaniambia: "Mama, mthamini akikuta mtu anaishi kiwanjani na hayumo kwenye hati, atauliza. Akiuliza, faili litalala." Nikamwuliza, na asipomkuta? Akatazama kompyuta yake. Basi. Hakunituma. Nataka ulielewe hilo. Hakuna mtu aliyenituma.

Hapa kwetu mtu hafukuzwi. Unamjua jirani yetu wa zamani, yule fundi saa? Mwenye nyumba wake hakumwambia toka. Alimwondolea mlango, akasema anaupeleka kwa seremala. Halafu mabati, eti yana kutu. Mvua ikamalizia kazi, na fundi saa akahama mwenyewe, na mwenye nyumba akamsaidia kubeba vitu na kumwombea dua. Ndivyo nilivyopanga kumfanyia wifi yangu. Asubuhi ya siku ya mthamini, Mwamini alipokwenda kununua unga, niliung'oa mlango wake. Alirudi akautazama uwazi ule, akaingia, akatundika kitenge mahali pa mlango, akawasha moto, akaweka karai, akaanza kukaanga. Kama angenitukana ningepoa.

Nilikuwa nimeajiri wapagazi wawili kutoka mpakani. Wakapanda juu, wakaanza kuezua. Vumbi likawa linamwangukia Mwamini kichwani na kwenye mafuta, na yeye anageuza sambusa. Wakatoa bati la kwanza, la pili, halafu yule mkubwa wao akachungulia chini, akamtazama vizuri, akashuka.

"Maman, shiye tunaacha," akaniambia. "Huyu ni mukubwa kama mama yangu."

Wakaenda zao, malipo yao hawakuyataka. Nikabaki na nyumba nusu paa, mthamini yuko njiani, na wifi anakaanga. Nikaenda stoo nikachukua nyundo ya baba yako, ile kubwa ya kupasulia mawe.

"Wifi, tosha vitu yako. Muntu wa banki anakuya sasa hivi."

"Hapa njo kwa baba yangu," akasema bila kuinua macho, akinikumbusha kuwa ndipo kwao. "Weye ulikuyaka hapa na sanduku mu kichwa. Miye nilizaliwaka hapa."

"Uko mu hati fasi gani? Onyesha jina yako!"

Hapo ndipo aliinua macho. "Jina yangu?" akasema. "Njo weye uliikula."

Nikapiga ukuta. Udongo ule haukuwa na nguvu, nyundo ilipita mpaka ndani ikaangukia kitanda chake. Nikapiga tena, sanduku lake la nguo likapasuka, msala wake wa kuswalia ukafunikwa na kifusi. Akaniambia, "Zaina, acha." Hakuniita wifi, aliniita jina langu, kwa sauti ya chini. Nikapiga mara nyingine na ukuta wote wa upande ule ukalala.

Mwamini akanyanyua karai. Mafuta hayana sauti yakiwa hewani. Nilisikia kwanza harufu, kitu kinakaangwa, nikafikiri ni sambusa zake, kumbe ni mimi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unatoa mapovu. Nilipiga ukelele ambao wauza nyanya wa sokoni waliusikia. Lakini nyundo ilikuwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia haukuungua. Nikampiga mguuni. Mfupa wa mguu ukivunjika unalia kama kuni kavu. Akaanguka kwenye kifusi cha ukuta wake mwenyewe, uso juu, na mimi nikainua nyundo tena.

Nilitaka kichwa. Isome sentensi hiyo mara ya pili, mwanangu. Sikutaka mguu mwingine wala bega, nilitaka kichwa chake, na nilikipimia. Kilichonizuia si Mungu wala huruma. Ni jirani yetu Mama Hadija, aliyenirukia mgongoni akaniuma sikio mpaka nikaiachia nyundo. Hata sasa akinitembelea namkaribisha kiti kizuri.

Na ndipo mthamini akaingia. Shati jeupe, kamera shingoni, metre ya kupimia mkononi. Akakuta watu wamejaa uani, sambusa zimetapakaa, wanawake wawili wako chini, mmoja anatoa moshi na mwingine mguu umegeuka upande. Maskini hakujua aangalie wapi. Akauliza kwa adabu, "Mwenye nyumba ni nani?"

Tukamjibu wote wawili kwa pamoja, kutoka mavumbini: "Mimi."

Akaikunja metre yake, akaondoka. Faili likalala usingizi wa pono.

Baba yako alikuwa dereva wa lori la saruji, kule Muganza. Alifika kesho yake, kope zake nyeupe kwa vumbi, nami nimerudi kutoka hospitali mkono umefungwa. Mtu yule unamkumbuka, hakuwahi kumpigia mtu kelele, alikuwa akimtoa buibui nje kwa kipande cha karatasi. Alisimama uani akatazama chumba cha dada yake. Akaokota nyundo.

"Mulianziaka wapi?" akauliza.

Akaingia sebuleni, akaanza na ukuta wa barabarani. "Kama banki inapenda kiwanja safi," akawa anasema kila akipiga, "tusafishe yote. Yote. Yote." Matofali yakawa yanaangukia barabarani, pikipiki zinakwepa. Picha yetu ya harusi ikaanguka akaikanyaga. Alipiga mpaka viganja vikachanika na mpini ukaloa damu, na watu wanne walimshika lakini walipomwachia akarudi akapiga tena. Kisha akakaa juu ya kifusi akalia kwa sauti, mwanamume mzima, watoto wanamtazama kutoka barabarani. Nimeolewa, nimezaa, nimemzika. Sijawahi kuona aibu kama ya siku ile.

Mvua za msimu ule zilitukuta na turubai mahali pa ukuta. Yule mkopeshaji alikuja akachukua vitenge vyangu vyote na cherehani juu, bila tabasamu. Chumba kikavu kilibaki kimoja na kitanda kimoja. Baba yako alikuwa akilala ndani ya lori. Mwamini alipotoka hospitali na plasta yake hadi kwenye paja, ulitegemea alale wapi? Alilala upande wa ukutani, mimi nikalala pembeni, bandeji yangu juu ya mto ili nisimguse. Nilikuwa namuogopa na yeye alikuwa ananiogopa. Mimi nilikuwa na miguu na yeye alikuwa na mikono, maana hata mkono wangu wa kulia ulikuwa umeteguka kifundo Mama Hadija aliponiangusha. Yeye alinilisha, alinisuka nywele, alinifunga kanga. Mimi nilimbeba mgongoni kumpeleka chooni kwenye matope, huku ananitukana kwamba natembea kama ng'ombe, na mimi namwambia nitamwangusha humohumo shimoni.

Siku moja mvua inapiga turubai, ananilisha uji, akasimamisha kijiko njiani. "Zaina, kama ungenipataka kichwa, leo nani angekulisha?" Tulicheka mpaka jeraha langu likafunguka. Halafu nikalia, na nikamwomba msamaha. Aliniwekea kijiko mdomoni.

Tulikuja kupata mkopo, miaka kadhaa baadaye, kwa benki nyingine. Kabla ya yote baba yako alimwandikisha dada yake kwenye hati. Mthamini alipofika alimkuta Mwamini amekaa mlangoni kwake, chumba kimejengwa kwa matofali ya kuchoma, akauliza kama yule wa kwanza, tukamjibu watu watatu na karatasi mkononi. Walitukopesha kidogo kuliko tulichoomba. Vyumba vya duka vikawa viwili badala ya vitatu. Vilikusomesha.

Sasa najua utakachosema. Utasema, Mama, mimi sitamgusa mtu, ni mambo ya muuzaji na vijana wake. Ndiyo maana nimekueleza habari za kijana wa benki aliyetazama kompyuta. Wewe Jumanne utakuwa ofisini, umevaa shati safi. Utarudi Jumatano ukute chumba kitupu kimefagiwa, na mthamini atapima, na wewe utatia saini. Miaka yote utakayolipa deni lile, utalala kwenye nyumba usiyojua ilitolewaje. Na mtoto wenu atatambaa uani, na siku moja atafukua ardhini pini ya nywele ya mtu, akuletee mdomoni mwake.

Naogopa, Idrisa. Vijana wale nawajua bila kuwaona. Wataanza na mlango. Bibi atatundika kitenge. Halafu watapanda juu. Na huyo bibi, simjui hasira zake, pengine hana hata mafuta. Hilo ndilo linalonikosesha raha kabisa, kwamba pengine hana hata mafuta.

Kwa hiyo ukifika, kabla ya benki na kabla ya kula, nenda ukamwone. Mwulize jina lake. Mwulize alifikaje pale na muuzaji ni nani kwake, mwana, mpangishaji au shemeji, maana nyumba ya bei nzuri namna hiyo haikosi mtu aliyemezwa ndani yake. Kisha nenda ukawaambie benki mwenyewe, kabla hawajauliza. Wakikubali na yeye abaki, yaandikwe. Wakikataa, iache nyumba, iache na ile avansi, pesa ya kwanza uliyompa muuzaji. Najua ni jasho lako. Salma atajifungua kwenye chumba cha kupanga, hata wewe ulizaliwa kwenye chumba cha kupanga na kichwa chako kiko sawa, karibu. Na utakapopata nyumba nyingine, jina la Salma liandikwe sambamba na lako siku hiyohiyo, sitaki kusikia habari za baadaye.

Usidhani nimekuwa mtu mpole uzeeni. Mchana nilikupa pilipili, lakini upawa nilikuwa bado nimeushika. Nyundo ile bado iko stoo, na nikipita karibu yake nageuza uso. Uliyonyonya ni maziwa ya mwanamke aliyepimia kichwa cha mwenzake kwa ajili ya mkopo. Yamo ndani yako. Leo ulipoomba pilipili nimeyaona.

La mwisho, na hili si la kujadili. Ulipoondoka mezani, shangazi yako aliingia chumbani kwake. Nikasikia sanduku linaburutwa. Akatoka amevaa ushungi wake wa Idi.

"Zaina, basi ya Kigali inatokaka saa ngapi?"

Nikamwambia, "Weye na huo muguu, unaenda wapi?"

"Muguu njo iko na kazi kule," akasema.

Kwa hiyo kesho hutasafiri peke yako. Atalala kwenye chumba cha nyuma pamoja na yule bibi, na Jumanne vijana wakija watamkuta mlangoni amekaa, mguu umenyooka mbele yake. Mkatie kiti cha mbele, mguu haukunjiki. Ule mfuko mweusi mzito ni wake, usiutupe chini ya basi. Mna karai ndani.

Mafuta amesema atanunua hukohuko.

Mama yako,
Zaina